Sindano Iliyomtaja Zuberi

Alhamisi asubuhi Inspekta Emerance alimkuta Roger wa Sindano akikiosha kichwa cha mpira kwa sabuni ya kufulia. Kilikuwa kichwa cha mtu asiye na nywele, kimejaa vidoti na mistari, na wagonjwa wengi walikisalimia hicho kabla ya kumsalimia Roger. Emerance hakukisalimia. Aliketi kwenye benchi, akaweka faili mapajani, akangoja mwenye nyumba akaushe mikono.

Ndani ya faili mlikuwa na karatasi moja tu, PV, taarifa ya polisi, aliyoiandika mwenyewe jana. Ilisema kwamba Mzee Twaibu, mtunza vyombo wa jamaa ya Waislamu wa mtaa wa gare, penye stesheni ya treni, alipigwa na kiharusi miezi saba iliyopita na hakusema neno tangu hapo. Kwamba Roger alimchoma sindano zake mbele ya mwanawe, Kassim. Kwamba Kassim alimwinamia baba yake akamuuliza sufuria ya jamaa iko wapi. Na kwamba mzee alifungua kinywa akasema: Njo Zuberi.

Sufuria yenyewe hakuna mtu wa mji wa Kindu asiyejua habari zake. Iliitwa Shibe. Ilipika wali wa watu mia tatu, ilibebwa na wanaume wawili kwa mti, na ilipotea mwaka elfu mbili na mbili, mji ukiwa umezungukwa na vita, treni imekatika, chumvi inapimwa kwa kijiko cha chai, na yenyewe kwa kukosa wali ikiwekewa makaa stoo. Tangu hapo arusi zilipikwa kwa visufuria vya kuazima, na kila wali ulipoungua watu walisema Shibe isingeunguza. Lawama ilikaa kwa Mzee Twaibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa stoo. Akiulizwa alijibu neno moja, imekwenda, kisha akaanza habari za mvua. Kassim alikua akiitwa mtoto wa nyumba iliyokula sufuria. Kwa hiyo aliposikia Njo Zuberi, ndiye Zuberi, alikimbia mpaka polisi bila viatu.

Zuberi alikuwa mpishi wa arusi, mtu mnene mwenye sauti ya adhana. Emerance alipofika kwake jana, vijana walikuwa wameshasimama kwenye uzio wakiwa na bidoni ya petroli. Alimfunga pingu na kumpeleka kasho, mahabusu ya polisi, nusu kwa kumshitaki, nusu kwa kumficha. Ilikuwa saa nane mchana. Sheria ilimpa saa arobaini na nane, zitakazoisha kesho Ijumaa saa nane. Na kesho hiyohiyo, mara baada ya sala ya Ijumaa, Zuberi alitakiwa kumwozesha binti yake wa pekee, Malaika, kwa kijana wa Kibombo. Wakwe walikwisha kufika na mchele wao. Waliposikia habari hawakukasirika, walituma ujumbe tu: sisi tumekuja kuoa binti, hatukuja kuoa kesi. Kama baba hatakuwa huru na msafi kufikia saa sita mchana, watapakia mchele wao na kurudi.

Emerance alimweleza Roger kwamba hakuja kutibiwa. Alikuja kujua kama sindano ni shahidi.

Roger alifurahi sana. Alikuwa mganga wa zahanati kabla ya vita. Vita vilimkuta Kinshasa, reli ikakatwa nyuma yake, na miaka mitano akashindwa kurudi, akafagia kwa daktari mmoja Mchina mpaka daktari akamwonea huruma akamfundisha. Alirudi na sindano, kichwa cha mpira, na mashine ya kuchora ubongo aliyoinunua kwa watu waliokuwa wakifunga kliniki yao. Mashine ilikuwa na kofia ya nyuzi na kalamu nne nyembamba zilizochora mistari juu ya karatasi. Alikaa chini akashika mguu wa benchi kama ni mguu wa mtu.

"Mama Inspekta, angalia. Nikichoma hapa, kwa kidole kidogo cha mguu, haiko mguu njo unashituka. Njo ubongo wa nyuma, ule wa macho. Na mkononi, hapa kati ya gumba na shahada, njo uso na mudomo. Wachina walitazama na mashine kubwa kuliko hii."

Akaeleza kwamba kwa Mzee Twaibu alichoma mkono, na mdomo ukaamka. Karatasi ya siku ile alikuwa nayo. Akaikunjua mezani: mistari iliyolala, kisha mlima mmoja mrefu, na juu ya mlima ameandika kwa kalamu nyekundu, Njo Zuberi.

Emerance aliutazama ule mlima kwa muda. Kisha akavua kofia yake ya kazi, akasema achomwe yeye.

Roger alimlowesha nywele maji ya chumvi, misuko ya Jumamosi ikaharibika yote, akamvika kofia ya nyuzi. Kalamu zilitembea polepole. Alipomchoma kati ya gumba na shahada, kalamu ziliruka. Roger akasema unaona. Emerance akataka achomwe sasa pembeni, mahali ambapo kichwa cha mpira na vitabu vyote havina kidoti. Roger alikataa kama mtu aliyeambiwa amnyoe imamu ndevu, lakini mwisho alichoma. Kalamu ziliruka tena. Yeye aliona zimeruka kidogo, Emerance aliona zimeruka sana, wakaleta rula, na rula haikuwapatanisha.

Wakati huo akapita mwanamke barabarani na beseni la samaki wa kukaanga, pilipili juu, akiita wateja. Hakuna aliyemchoma mtu. Kalamu nne zilipanda pamoja mpaka moja ikatoka kwenye karatasi ikaandika juu ya meza.

"Kwa hiyo karatasi inajua kwamba nimeshituka," alisema Emerance.

"Iko inajua."

"Kwa nini nimeshituka, haijui."

Roger alizima mashine. Alikuwa mtu mkweli, tatizo lake lilikuwa furaha tu. Akasema kwa sauti ndogo, "Mi naamusha, Mama Inspekta. Muntu akiamuka, kile anasema njo chake."

Emerance aliliandika neno hilo. Akaomba pia daftari la wagonjwa, kwa kuwa Roger aliandika kila mtu alichosema akiwa na sindano mwilini. Wengi walisema aya. Mmoja alimtaja mke wa jirani. Ukurasa wa tisa ulikuwa na Claire, muuza mikate wa gare, anayechomwa mguu kwa ajili ya macho, na mbele ya jina lake Roger ameandika mara tatu: ameona sufuria yenye miguu. Roger alicheka, akasema huyo mama si wa kusikiliza, habari hiyo ni ya tangu vita. Wakati wa njaa aliapa mbele ya watu kwamba ameona sufuria ikitembea yenyewe kwenda gare, miguu miwili, bila kichwa, na watu wakamwombea. Sindano inamrudishia tu ndoto ya njaa.

Emerance naye alicheka. Lakini aliandika. Alizoea kuandika hata yanayochekesha, kwa sababu yanayohuzunisha watu huyakumbuka wenyewe.

Nyumbani kwa Mzee Twaibu, Kassim alimpokea mlangoni, akataka kujua Zuberi amekiri au bado. Emerance alimtuma akamwite Roger na vitu vyake waje alasiri, akaingia uani peke yake.

Bi Mwanahamisi, mke wa mzee, alikuwa amekaa kwenye jamvi akichambua mchele wa arusi, miwani imefungwa kwa uzi. Alimwona mgeni amesimama juani, akamwambia, "Njoo, mwanangu."

Emerance aligeuka nyuma. Hakukuwa na mtu. Akatazama kulia, akatazama kuku. Akauliza mtoto iko wapi.

"Mtoto yupi?"

"Ule umesema, njo mwanangu."

Bi Mwanahamisi aliacha mchele. Alimtazama juu ya miwani, kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu cha bibi, kikamchukua mpaka akashika ubavu. "Nimekwambia wewe uje. Njoo. Njoo hapa jamvini. Wewe umesikia ile njo yenu ya soko."

Emerance alikaa chini, na hakucheka. Yeye alizaliwa kando ya reli. Kwao mtu anayemwita mwenzake anasema kuya, na njo ni kidole kinachoonyesha: njo huyu, njo yule, njo Zuberi. Kila Jumapili padri alisoma njooni, na Emerance hakuwahi kufikiri kwamba neno hilo likitoka kanisani linaweza kukutana na lile la soko njiani na kufanana sura. Alifungua faili. Karatasi ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe, mzuri, ulionyooka. Aliuliza taratibu, Mzee Twaibu, akitaka kusema huyu njo mwizi, angesemaje?

"Ndiye," alisema Bi Mwanahamisi. "Mume wangu ni mtoto wa chuo cha Kurani, babu yake alisoma Kasongo. Miaka hamsini na miwili sijasikia njo ya soko kinywani mwake. Kassim alichapwa kwa ile njo, akiwa mdogo, mpaka akahamia kuisemea nje."

Basi Kassim alisikia kwa sikio la nje. Na Emerance aliandika kwa sikio la reli. Mzee hakumtaja Zuberi. Alimwita.

Lakini kuitwa si kuachiwa. Kassim angesema mtu huita hata mwizi wake, na wakwe wa Kibombo hawakuja kusikiliza sarufi. Ilimpasa ajue mzee alimwitia nini. Akamwomba bibi amweleze siku ile Shibe ilipotea, polepole, hata mambo ya nguo.

Bi Mwanahamisi alikumbuka mambo ya nguo kuliko yote. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kufua, ingawa sabuni ilikuwa majivu ya ndizi. Mume wake alitoka asubuhi na ufunguo wa stoo, mwenye nguvu bado, maana ujanani alipakia magunia bandarini. Alirudi adhuhuri bila kusema. Kanzu yake ilikuwa nyeusi mabegani. Na kofia yake nyeupe, ile ya Idi, ilikuwa imejaa masizi, si kwa nje kama mtu aliyepangusa ukuta, bali juu kabisa, utosini, duara zima.

"Niliifua mpaka ikachanika," alisema. "Nikamuuliza umefanya nini. Akasema imekwenda. Nikafikiri anasema kofia."

Emerance aliandika: masizi utosini. Chini yake akaandika tena: miguu miwili, bila kichwa. Alikaa akiitazama mistari hiyo miwili mpaka bibi akamwuliza kama chai aliyompa imemwunguza.

Kasho ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi. Zuberi alimpokea kwa malalamiko kuhusu maharage: yamechemka, hayakuiva, aliyeyapika hana mama. Emerance alimwambia hakuja kwa maharage. Alitaka kujua kama mwaka ule wa elfu mbili na mbili aliwahi kukamatwa.

Zuberi aliacha maharage. Kisha akasema ndiyo, mara moja, na pale ndipo alipojua Mungu yupo. Alivuka mto na mtumbwi kwenda Lokandu kutafuta chumvi. Alirudi na kibaba kimoja, na askari waliokuwa wakishika mji wakati ule wakamngojea ukingoni. Wakasema yeye ni mpelelezi wa watu wa msituni. Walimfungia kwenye hangari ya gare, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Jumatano jioni walimwambia asali sala zake. Kesho yake adhuhuri mlango ulifunguliwa, mtu akamwambia toka. Bila sababu. Alitoka akikimbia, hata chumvi hakuidai.

"Ilikuwa dua ya mama yangu, Mama Inspekta. Hakuna kingine."

"Ulipotoka, uliona nini?"

Zuberi alifikiri. Hakuona kitu, alikuwa anatazama miguu yake tu kama bado ipo. Ila alisikia. Wale askari walikuwa wanacheka, na mpishi wao alikuwa anapiga kitu kama ngoma, kitu kikubwa. Boom, boom. Alidhani wanafurahi.

Mpishi wa arusi miaka thelathini, na hakuitambua sauti ya Shibe. Emerance alichukua ufunguo wa pingu, akazifungua, akazitia mfukoni. Akamwambia avae shati, wanakwenda kwa mtu aliyemwita.

Alasiri Mzee Twaibu alikuwa amelazwa barazani juu ya godoro, mkono mmoja umekufa, mwingine unachezea ukingo wa shuka. Roger alikuwa ameshachoma sindano kati ya gumba na shahada. Kalamu zilitembea. Kassim alisimama miguuni pa baba yake, na alipoona Zuberi anaingia bila pingu akaanza kusema, mama yake akamtolea jicho, akaacha.

Zuberi alipiga magoti kando ya godoro. "Shikamoo, baba."

Mzee alifumbua macho. Mkono mzima ukaacha shuka, ukamshika Zuberi sikio, kama mtu anavyoshika mpini. Mdomo ulitetemeka. Kalamu zilipanda mlima.

"Sufuria," alisema Mzee Twaibu. Akavuta sikio. "Wewe."

Kassim alipiga paja lake. Mumesikia wote, alisema, hata Zuhura wa jirani amesikia, sufuria wewe, sasa mwandike tena. Roger alikuwa ameshatoa kalamu nyekundu. Zuberi alikuwa ameshikwa sikio na macho yamemtoka.

Emerance alimwomba Kassim akae. Akavuta kiti, akakaa pale mzee angeweza kumwona, akamweleza kazi. Atamuuliza. Kama ni kweli, ainue kidole cha shahada. Kama si kweli, akiache kimelala. Ili ajue kama wameelewana aliuliza kwanza kama mzee ni mwanamke. Kidole kililala. Akauliza kama Bi Mwanahamisi anapika vizuri. Kidole kilikaa kidogo, kikatazamwa na mwenyewe, kikainuka. Bibi akasema Mungu amemwona.

Kisha Emerance aliweka maswali kama anayepanga kuni. Ilikuwa Alhamisi? Kidole. Ulikwenda gare? Kidole. Uliichukua Shibe stoo mwenyewe, peke yako? Kidole. Uliigeuza, ukaivaa kichwani, ikakumeza mpaka magotini, ukatembea nayo barabarani, na Claire wa mikate akaona sufuria yenye miguu? Kidole kilipanda, na kona moja ya mdomo wa mzee, ile nzima, ikapanda pamoja nacho.

Kalamu tu zilikwaruza.

"Mpishi wa askari aliitaka," alisema Emerance. "Na ndani ya hangari mulikuwa muntu anangoja kufa. Uliingia na sufuria, ukatoka bila sufuria. Wakamwachia Zuberi."

Kidole kilipanda, na hakikushuka.

Zuberi aliacha kupumua, kisha akapumua yote kwa mara moja. Aliinamisha paji la uso kwenye mkono ule wenye sindano mpaka Roger akamvuta asije akachomwa na yeye. Kassim alikaa chini sakafuni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na yote aliyotupiwa tangu utotoni yalikuwa kweli: nyumba yao ilitoa sufuria. Kisha akauliza, si kwa Inspekta bali kwa mama yake, kwa nini baba hakusema.

"Ungependa aseme kwa nani?" alisema Bi Mwanahamisi. "Unawajua watu wetu. Kila arusi, kila wali ukiungua, wangemtazama Zuberi. Wangesema, huyu ametugharimu Shibe, angalau angekuwa mrefu." Alipangusa miwani kwa ncha ya khanga. "Mimi mwenyewe ningesema."

Zuberi alicheka kwanza, kwa pua, na machozi. Akamwambia mzee kwamba kesho anamwoza Malaika, na kwamba bila ile Alhamisi Malaika asingezaliwa, na kama anaweza kukalishwa kwenye kiti basi atakuwa mbele, kiti cha babu. Kidole kilipanda kabla hajamaliza.

Kassim alisimama akavaa viatu vyake, safari hii vyote viwili. Alisema anakwenda kwa wakwe wa Kibombo, awaeleze mwenyewe kabla ya magharibi, na njiani atapita kwa wale wenye bidoni. Mlangoni alirudi, akamwomba Zuberi radhi kwa maneno machache yasiyo mazuri, na Zuberi akamwambia asikawie, kuna vitunguu vya kumenya.

Roger alichomoa sindano, akaikunja karatasi. Aliuliza kama anaweza kuandika kwamba sindano ilitatua kesi. Emerance alimwambia aandike kwamba iliamsha.

Yeye alibaki barazani na faili. Ilimpasa asahihishe PV yake, maana neno alilolisikia vibaya lilikuwa limekaa pale na muhuri juu yake. Akatoa rula na kalamu ili alikate kwa mstari mmoja, kama sheria inavyotaka. Akasoma tena swali kama Kassim alivyoliuliza: sufuria ya jamaa iko wapi? Akasoma jibu: Njo Zuberi.

Uani Zuberi alikuwa ameshakunja mikono ya shati, anabishana na Bi Mwanahamisi juu ya mchele, sauti yake ikifika mpaka reli.

Hata kwa njo ya soko jibu lilikuwa kweli. Rula ilirudi mfukoni. Hakukata kitu. Chini ya jibu aliongeza mstari mmoja, kwa mwandiko wake ule ulionyooka: Imepatikana. Nzima. Kesho itapika arusi.